AC ya Aqua inayochoka ukisimama: nilivyopimiwa gari Njiro, Arusha

Nianze na hela, maana ndiyo inayozua ubishi. Gereji hii ya Njiro inatoza shilingi 50,000 kwa kupima tu AC ya gari la haibridi, yaani lenye injini na mota ya umeme, utengeneze kwao au usitengeneze. Mume wangu aliposikia alicheka. Hapa Moshi kuna mtu anajaza gesi kwa bei ya chini ya hiyo, na kupima anakufanyia bure. Ni kweli, na huyo wa bure ndiye tuliyeanza naye.

Gari lenyewe ni Toyota Aqua ya mwaka 2013. Kutoka Boma Ng'ombe hadi Usa River AC inapuliza baridi mpaka abiria wa nyuma anaomba upunguze. Ukifika Tengeru magari yakaanza kubanana, au ukikamatwa na taa za Sanawari, haichukui muda unapuliziwa hewa ya vuguvugu. Barabara ikifunguka, baridi inarudi. Fundi wa kwanza alichomeka kile kifaa kidogo cha kusomea makosa, hakikuonyesha kitu, akahukumu kwamba gesi imepungua. Akaongeza kwa kuangalia geji, bila mzani. Baridi ya safarini haikubadilika, ya kwenye foleni ikazidi kuwa mbovu.

Fundi wa Njiro hakugusa boneti kwanza. Alikuwa na maswali.

"Ukisimama kwenye taa na injini imezima, upepo unatoka kwa nguvu ileile?"

"Upepo upo fundi. Baridi ndiyo haipo."

"Basi dada, gesi tuiache kwanza."

Maelezo yake ndiyo yaliyonifanya nione ile 50,000 imekwenda mahali pake. Kwenye gari la kawaida kompresa ya AC, ile pampu inayosukuma gesi, inazungushwa na mkanda wa injini, kwa hiyo gari likisimama na injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta, kompresa nayo inazunguka polepole na baridi inapungua kidogo. Hilo ni jambo la kutegemewa. Aqua haina mkanda huo. Kompresa yake ina mota yake yenyewe ya umeme, inalishwa na betri kubwa ya volti 144 iliyo chini ya kiti cha nyuma, na injini ikizima yenyewe inaendelea kuzunguka. Kompyuta ndiyo inayoamua izunguke kasi kiasi gani. Sasa kama kompresa haijali gari linakwenda au limesimama, kitu gani kinabadilika ukisimama? Upepo wa mbele. Ukiwa mbioni hewa inapita bila kuombwa kwenye kondensa, ile kama rejeta ya mbele inayotoa joto la gesi. Ukisimama ni kazi ya feni peke yake.

Hapo alikuwa bado hajafungua kitu.

Kisha akachomeka mashine yake, ambayo ni kompyuta mpakato yenye programu inayoingia hadi kwenye kompyuta ya AC. Tofauti na kile kifaa kidogo ni kubwa, kwa sababu vingi vya bei rahisi vinasoma makosa ya injini na kuishia hapo. Hata hivyo hii nayo haikukuta kosa lililohifadhiwa. Ilichoonyesha ni namba zinazotembea: kasi ambayo kompyuta inaitaka kompresa, kasi inayozunguka kweli, na presha ya gesi upande wa juu. Tukakaa tunaangalia gari likiwa limesimama juani. Presha ikapanda, ikapita psi 300, ikaendelea kupanda, na kadiri ilivyopanda kompyuta ikawa inaipunguzia kompresa kasi. Kompresa haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa inazuiwa makusudi isijiumize.

Akamtuma kijana wake alete ndoo ya maji, wakamwagia kondensa taratibu kwa mbele. Sindano ya geji nyekundu, ile ya presha ya upande wa juu, ikashuka tukiiona, na ndani ya gari baridi ikarudi palepale. Mimi si fundi, lakini jaribio lile hata mtoto angelielewa. Joto lilikuwa halitoki kwenye kondensa.

Sababu zikawa tatu zilizopandana. Feni ilikuwa inazunguka, ndiyo maana fundi wa kwanza aliiona nzima, ila mota yake imechoka na haina nguvu. Kondensa ilikuwa imezibwa na vumbi na udongo mwekundu, jambo ambalo mtu anayeendesha huku kwetu asishangae. Na gesi ilikuwa imezidi. Waliitoa yote kwa mashine, wakaipima, ikapita kile kiwango kilichoandikwa kwenye stika chini ya boneti kwa zaidi ya gramu 100. Gesi ikizidi presha inapanda bila sababu nyingine yoyote, kwa hiyo ile "huduma" ya Moshi iliongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Walitafuta pia uvujaji, hawakuupata. Maana yake gesi haikuwa imepungua tangu mwanzo.

Swali lililomtoa jasho fundi lilikuwa jingine: walipojaza gesi, waliweka na oili? Nilimpigia simu yule wa Moshi palepale, akasema gesi tu. Mota ya kompresa hii imekaa ndani ya gesi na oili hiyohiyo, kwa hiyo oili inatakiwa isipitishe umeme. Toyota hutumia ND-OIL 11. Ile oili ya PAG ya magari yenye mkanda inapitisha umeme, na ikiingia huko umeme mkubwa unaanza kuvujia kwenye bodi. Gari linaweka kosa la P0AA6 na linaweza kugoma kuwaka kabisa. Ukifikia hapo unaongelea kununua kompresa. Hakuridhika na neno la simu. Alizima gari, akachomoa plagi ya usalama ya betri kubwa akiwa na glavu za mpira, akasubiri dakika 10 umeme uliobaki kwenye inveta, kile kifaa kinachobadili umeme wa betri kubwa, uishe, ndipo akagusa zile nyaya za rangi ya chungwa na kupima ukinzani kati ya kompresa na bodi. Ilikuwa salama. Niliona pia mipira ya geji za haibridi ameitundika peke yake, mbali na ya magari mengine, kwa sababu hata mabaki ya PAG ndani ya mpira anayaogopa.

Feni ya mtumba kutoka Japani ilinigharimu 150,000, kusafisha kondensa na kurudisha gesi kwa mzani 80,000. Tangu hapo nimekaa kwenye foleni ya Sanawari saa nane mchana na vioo vimefungwa, hakuna malalamiko.

Kuna mambo yaliyonikera. Hakuna karatasi ya majibu. Nisingepiga picha skrini mwenyewe ningeondoka mikono mitupu. Feni ina dhamana ya mdomo tu. Pa kukaa ni benchi moja, na kazi ilikula siku nzima kwa sababu yuko yeye na kijana mmoja. Ndiyo maana aliniomba nisiandike jina la gereji hapa, magari aliyonayo yanamtosha. Waulizeni madereva wa Aqua pale Njiro, wanamjua.

Kama tatizo lako linafanana na langu, usiende alfajiri. Asubuhi ya Arusha ina baridi, presha haipandi na gari litakuaibisha kwa kufanya kazi vizuri mbele ya fundi. Nenda jua likiwa kali, na kama ni Julai, mwambie mapema aliache likiunguruma limesimama kwa muda mrefu kabla hajasoma namba.