Uzoefu wangu na boila ya pingili iliyotumika: kuinunua ikiwa imefunguliwa na kuiunganisha upya

Nilinunua boila ya maji moto iliyotumika, ya chuma cha kusubu, yenye pingili saba, yaani vipande vinavyopangwa mfululizo na kubanwa pamoja, na niliikuta kwa muuzaji ikiwa imekwisha kufunguliwa na pingili zake zimeegemezwa ukutani kama milango iliyong'olewa. Hapo ndipo nilipopaswa kusita. Boila ambayo haijafunguliwa inaweza kujazwa maji, ikapandishwa presha na kuangaliwa kwa saa nzima mbele ya mnunuzi na muuzaji, ilhali iliyofunguliwa haina ushahidi wowote isipokuwa maneno ya aliyeifungua. Muuzaji alinihakikishia kwamba ilifanya kazi hadi siku ilipotolewa, nami nikalipa. Leo inafanya kazi vizuri na sijutii kuwa nayo, lakini kazi niliyoikadiria wiki moja ilinichukua karibu miezi miwili.

Niliichagua aina hii kwa sababu ya mlango. Chumba changu cha mitambo kina mlango mwembamba na ngazi za kushuka, na boila nzima ya ukubwa ule isingepita. Kila pingili ilikuwa na uzito unaokaribia kilo 80, hivyo watu wawili wenye toroli na kamba waliziteremsha zote bila winchi. Chuma cha kusubu pia hustahimili kutu kuliko bamba la chuma cha kawaida. Ubaya wake ni kwamba hakipindi: kinapozidiwa hupasuka.

Kabla ya kufanya lolote, niliining'iniza kila pingili na kuigonga kwa nyundo ndogo. Sita zililia kama kengele, na moja ikatoa sauti butu, mithili ya chungu chenye ufa. Nilisugua masizi yote nisione kitu. Ndipo nikapaka mafuta ya taa sehemu za karibu na matundu ya kupitishia maji, nikasubiri, nikayafuta hadi pakakauka kabisa, kisha nikapaka unga wa chaki. Baada ya dakika chache mstari mwembamba wa kijivu ulijichora juu ya weupe wa chaki, ukianzia ukingoni mwa tundu la chini na kupanda kwa urefu wa kidole. Ufa ulikuwa umeyafyonza mafuta na sasa ulikuwa unayatema. Ndani ya tundu hilohilo nilikuta tope la magamba ya chokaa lililoganda hadi kuziba karibu nusu ya njia ya maji, na sina shaka kwamba chuma kiliungua pale kwa sababu maji hayakukifikia kukipoza.

Muuzaji alipendekeza nichomelee. Nilikataa, kwa kuwa chuma cha kusubu kikichomelewa bila kupashwa joto polepole na kupozwa polepole hupasuka tena kando ya weldi, na sikuwa tayari kuweka kiraka cha namna hiyo mahali penye moto upande mmoja na maji yenye presha upande wa pili. Baada ya kubembelezana kwa siku kadhaa aliniletea pingili nyingine ambayo kwa macho ilikuwa pacha wa ile mbovu, lakini namba iliyosubiwa mgongoni ilitofautiana tarakimu moja, na nipeli, kile kipande kifupi cha bomba kinachounganisha pingili mbili, ilipowekwa kwenye tundu lake ilicheza. Ya tatu ndiyo iliyokubali. Jambo lililoniudhi zaidi ni kwamba aliyeifungua boila hakuwa ametia alama yoyote ya mpangilio, ingawa chaki na nusu saa vingetosha. Pingili za mwanzo na za mwisho hujitambulisha zenyewe, lakini za katikati hufanana, na moja kati yake ilikuwa na tundu la kipimajoto ambalo ilibidi liangukie mahali pake ili bomba lisigongane na ukuta.

Kazi halisi ilikuwa kwenye matundu. Pingili za boila hii huunganishwa kwa nipeli za chuma zilizochongoka kidogo pande zote mbili, moja juu na moja chini katika kila kiungo, kwa hiyo pingili saba zilinihitaji nipeli kumi na mbili. Kinachozuia maji ni chuma kukaza dhidi ya chuma tu, bila gasketi, na mkwaruzo mmoja unaopita upana wa kiti, yaani uso wa ndani wa tundu ambapo nipeli hukaa, unatosha kuleta uvujaji. Nilinunua nipeli mpya zote pamoja na nne za akiba. Viti nilivisafisha kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa laini nikizungusha mkono kufuata mduara, kamwe si kukata kutoka ndani kwenda nje. Kamba kuukuu zilizokuwa zimebaki kati ya pingili sikuzigusa: boila nyingi za zamani zilizibwa kwa asbesto, na vumbi lake likivutwa huharibu mapafu, hivyo aliziondoa mtu mwenye kibali cha kazi hiyo.

Tulianza kuunganisha kutoka nyuma, juu ya sakafu tuliyoisawazisha kwa pimamaji. Bolti ndefu za kubana, mbili juu na mbili chini, tulizikaza kwa zamu, robo mzunguko kwa kila moja, huku mwenzangu akipima nafasi iliyobaki kati ya pingili mbili kwenye pembe zote nne. Upande mmoja ukitangulia hata kwa milimita chache, nipeli huingia kombo na kukwama, na anayejaribu kulazimisha kwa spana ndefu huvunja sikio la pingili, pale bolti inaposhika. Kwenye mfereji wa pembezoni tuliweka kamba ya nyuzi za kioo na simenti inayostahimili moto, kwani hapo ndipo gesi za moshi hutafuta njia ya kutokea.

Boila yangu imewekewa valvu ya usalama inayofunguka presha ikifika baa 3, kwa hiyo jaribio la presha tulilifanya kwa baa 4.5, yaani mara moja na nusu, valvu ikiwa imeondolewa na tundu lake kuzibwa. Tulitumia maji na pampu ya mkono, baada ya kutoa hewa yote juu. Kuna wanaojaribu kwa kompresa ya hewa ili kuokoa muda. Hewa iliyoshindiliwa hulipuka chuma kinapopasuka, ilhali maji hupoteza presha mara moja. Sindano ya geji ilishuka taratibu, na chini kati ya pingili ya nne na ya tano tone lilikuwa likijijaza na kudondoka. Tulifungua tena viungo vitatu ili kufika pale. Chanzo kilikuwa uzi mmoja wa brashi yangu mwenyewe ya waya, mfupi kuliko ukucha, uliobanwa kati ya nipeli na kiti, nao ulikuwa umechimba mfereji kwenye nipeli mpya. Kosa hilo siwezi kumtwika muuzaji. Nipeli ya akiba ikaingia, na safari ya pili geji haikusogea.

Baada ya hapo tulilegeza bolti za kubana, tukazikaza tena kwa vidole tu. Kazi yake ni kuvuta pingili zikutane. Baadaye nipeli hujishikilia zenyewe. Chuma cha urefu wa mita moja kikipanda nyuzi 60 hurefuka zaidi ya nusu milimita, na bolti iliyobaki imekazwa huuzuia urefu huo usipate pa kwenda.

Gesi iliunganishwa na fundi mwenye leseni, ambaye pia alirekebisha kichomeo akiwa na kipimo cha moshi, na tumeweka king'ora cha monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na harufu. Siku ya moto wa kwanza nilipata hofu ya bure: dakika chache baada ya kuwasha, matone yalianza kudondoka ndani ya chumba cha mwako, nami nikaamini kwamba ufa mwingine umejitokeza. Fundi alicheka. Ulikuwa mvuke wa moshi ukigeuka maji juu ya chuma baridi, na ulikoma maji ya boila yalipopita nyuzi 60 hivi. Kwa sababu hiyohiyo ameweka valvu ya kuchanganya maji moto na yale yanayorudi kwenye boila ili yasiwe chini ya nyuzi 55, vinginevyo matone hayo yenye asidi yangekula pingili kila siku.

Boila naipa nyota nne kati ya tano, na muuzaji mbili, moja yake ikiwa ya kukubali kubadilisha pingili mara mbili bila kudai malipo. Majira yote ya baridi imefanya kazi bila kuongezewa maji hata mara moja. Bati la kufunika bado lina upande mmoja usiofunga, kwa kuwa pembe yake ilipindwa lilipong'olewa huko lilikotoka.