Dendrobium ya elfu 35 kwenye nyumba ya Dar: mmea safi, walivyoupanda hovyo

Niseme mapema kwa asiye na muda wa kusoma yote: kama unakaa Dar, Tanga, Mombasa au popote penye joto la Pwani na unatafuta okidi ya kuweka ndani, ile ya majani mapana inayouzwa na utepe kwenye maduka ya zawadi iache kwanza, chukua dendrobium. Mi ninazo zote mbili, sebule moja dirisha moja, na sasa hivi dendrobium imejaa maua mwenzake ana majani tu, mazuri kweli, yana afya, lakini majani.

Hii nimeinunua kwenye bustani ya maua pembeni ya barabara, jina naliacha maana nina ya kuwasema huko mbele. Walianza na 50,000, tukavutana weee mpaka 35,000. Kwa mmea wenye mashina manne na maua yameshafunguka bei hiyo siilalamikii, maana ile ya majani mapana, phalaenopsis, walikuwa wanaitaka zaidi ya mara mbili yake na habari ya kupunguza hawataki hata kuisikia.

Sasa dendrobium ziko nyingi mno, spishi zaidi ya 1,000, na si zote zinapenda joto. Kuna zinazopukutisha majani na zinataka miezi ya baridi kavu ndo zitoe maua, za kina nobile hizo, ukizileta Dar utafuga fimbo. Ninayoisema mimi ni ile wauzaji wanaiita den-phal, haipukutishi, kijani mwaka mzima, na ukoo wake unatokana na Dendrobium bigibbum ya kaskazini mwa Queensland huko Australia na New Guinea, Queensland wenyewe wameifanya ua la jimbo lao tangu 1959. Ukitaka kuijua bila kuuliza mtu, ni yale maua ya zambarau na meupe unayoyakuta kwenye mapambo ya harusi na yale wanayokuwekea hotelini juu ya taulo. Mashina yake yanasimama kama vimiwa vyembamba na kikonyo cha maua kinachomoza juu karibu na ncha, wakati phalaenopsis haina mashina ya hivyo, kikonyo chake kinatokea huku chini kwenye makalio ya majani.

Kwa nini naipigia debe? Phalaenopsis nayo ni ya joto, Dar inakua bila tabu, shida ni kwamba ili itoe kikonyo inataka usiku upoe kidogo, joto likishinda juu ya nyuzi 28 usiku na mchana yenyewe inaongeza majani tu. Na Dar Desemba mpaka Machi ni usiku gani huo unaopoa, labda ulale na AC mpaka asubuhi na Luku ununue mwenyewe. Kwa hiyo unabaki unasubiri Juni, Julai, Agosti ndo uone kama itakukumbuka. Dendrobium haina mambo hayo, nyuzi 30 mchana na 24 usiku ndo nyumbani kwake, inachochukia ni baridi, ikishuka chini ya 15 inanuna. Ndo maana dada yangu wa Arusha alipoitamani nilimwambia wewe chukua nyingine, Julai ya huko itakutia hasara.

Halafu maua yanakaa. Mwezi na nusu mpaka miwili kikonyo kimoja, chini linafunguka la kwanza, juu bado kuna vitumba, yaani wageni wanakuja wanaondoka wanarudi wanalikuta. Harufu haina, au yangu haina, anayetaka kunukia akanunue asumini.

Tuje kwenye ya kuwasema. Walivyoipanda ni aibu. Juu wamemwaga udongo mweusi wa bustani, udongo jamani, kwa mmea ambao kwao unang'ang'ania miti na mizizi iko hewani inapigwa upepo. Nikafukua, chini ya udongo kuna unyuzi wa nazi uliosagwa laini, chini ya unyuzi kuna kipande cha sponji kimeshikana na shina, kimelowa chapachapa, na hapo kwenye sponji ndo mizizi imeoza. Kuijua iliyooza ni rahisi, shika mzizi uuvute kidogo na vidole, ganda linachomoka lote unabaki na uzi katikati. Mzima ni mgumu, ukikauka una weupe wa kung'aa, ukiloa unageuka kijani hapo hapo unaangalia, na ncha yake inayokua ni ya kijani kibichi. Yangu ilikuwa na mizima ya kutosha kwa sababu mingi ilishajitorokea nje ya kopo kutafuta hewa, akili ya mmea hiyo si ya muuzaji.

Na ushauri waliompa mteja: "Dada, mwagilia asubuhi na jioni, hii inapenda maji." Kwenye sponji lile! Ukifuata hivyo haimalizi masika.

Nilichofanya ni kuihamishia kwenye poti ndogo ya plastiki yenye matundu mengi, ndogo kweli, mizizi iwe imebanana, ukiipa poti kubwa katikati hapakauki. Ndani nimeweka mkaa wa kawaida wa jikoni uliooshwa vumbi na makumbi ya nazi niliyoyakatakata vipande vya saizi ya kidole gumba. Makumbi ya huku Pwani yana chumvi, yaloweke kwanza na maji uwe unabadilisha kabla hujatumia. Vyote hivyo sokoni havifiki hata nusu ya bei ya zile pakiti za magome ya kutoka nje wanazokuuzia hao hao wa bustani. Kuhamisha subiri uone mizizi mipya inachungulia kwenye chipukizi changa, ila kama imeoza kama hii yangu usisubiri chochote.

Maji namwagilia kwa kunyanyua poti, nikiona imekuwa nyepesi naipeleka bafuni nainyeshea mpaka maji yachuruzike chini, halafu naiacha ijikaushe. Kipindi cha joto inakunywa mara nyingi, kipindi cha kipupwe shina jipya likishakomaa napunguza sana, kwao pia kuna miezi ya kiangazi kwa hiyo haishangai, yale mashina ndo matanki yake. Maji ya kisima yenye chumvi usiipe, ncha za majani zinaungua, kinga ya mvua uweke ndoo. Mbolea NPK 20-20-20 ile ya kuyeyusha, robo ya kipimo cha kwenye pakiti, na tu wakati inakua.

Mwanga ndo watu wa ndani tunafeli. Dirisha la Dar lina nondo, lina wavu wa mbu, lina pazia, ukijumlisha na baraza la nje mwanga unaofika ni wa kusomea gazeti kwa shida. Dendrobium inataka mwanga mwingi kuliko phalaenopsis, jua la asubuhi lenyewe kabisa iguse, la saa sita lipite kwenye pazia jepesi. Angalia jani, likiwa kijani kizito cha mchicha mwanga ni mdogo na maua usahau, likiwa kijani kinachoelekea unjano uko sawa, likipata baka jeupe linalogeuka jeusi hilo limeungua na jua. Mi niliitoa kwenye kona ya TV nikaibana kabisa dirishani upande wa mashariki, na hapo ndo shina jipya lilipanda kuzidi yale ya zamani.

AC isiipulizie usoni, vitumba vinageuka njano vinadondoka kabla ya kufunguka. Na bakuli la matunda lisikae nayo meza moja, ndizi mbivu zinatoa gesi ya ethilini inayoangusha vitumba vile vile, hii wengi hawaijui wanalaumu maji. Wadudu ni vidung'ata, vile vyeupe vya pamba pamba vinavyojificha kwenye maungio ya majani, pamba yenye spiriti inavimaliza kama umewahi. Shina la zamani lisilo na majani usilikate, linaweza kukupa kikonyo kingine kabisa, na wakati mwingine kinaota juu yake kitoto chenye mizizi yake, kikifikisha mizizi ya kama sentimita 5 unakitenganisha unampa jirani.

Jambo moja tu pembeni. Bustani ile ile walinionyesha okidi nyingine yenye maua ya njano na madoa ya kahawia, wakasema "hii ya hapa hapa, ya porini, tunakupa kwa elfu 15." Ile ni Ansellia africana, inaota kwenye miti ya misitu yetu ya Pwani, na mizizi ilikuwa bado imekamata gome la mti walilobandua nalo. Sikununua, na nilimwambia. Dendrobium zinazotoka Thailand zinazalishwa kwenye mashamba, hiyo ya kwetu ikibanduliwa hakuna anayeirudisha, na biashara ya okidi kuvuka mipaka inabanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini, kwa hiyo siku ukikutwa nayo eapoti utajieleza mwenyewe.

Mmea naupa nyota 5, bei 4, upandaji 1, ushauri wa muuzaji sifuri. Nitarudi pale pale kwa sababu mimea yenyewe wanayoleta ni mizuri, nataka ile nyeupe yenye koo la zambarau, na nitawaambia waifukue mbele yangu kabla sijatoa hela.