Mbuzi wa Kihaiti, Springfield, Ohio: nyota 4 kati ya 5

Nilipomwambia mwenzangu wa zamu ya usiku kwamba Jumamosi nakwenda kula kwa Wahaiti, akanionya nisije nikala paka wa mtu. Akacheka mwenyewe. Tangu Septemba 2024, Donald Trump aliposema kwenye mdahalo kuwa wahamiaji wa Springfield wanakula mbwa na paka wa wenyeji, utani huo haujaisha. Wakuu wa mji walikwisha sema hawana taarifa yoyote ya kuaminika, lakini wapi! Hadi shule zilihamishwa watoto kwa vitisho vya mabomu.

Haya, chakula. Niliagiza taso ya mbuzi. Nyama inalowekwa kwenye ndimu na viungo, inachemshwa, kisha inakaangwa mpaka kingo zinakauka na ndani bado laini. Mimi ni wa Tanga, mbuzi hanidanganyi. Ndizi mbichi wanazikaanga, wanazibonyeza ziwe bapa, wanazirudisha kwenye mafuta. Pembeni kuna pikliz: kabichi, karoti na pilipili mbuzi ndani ya siki. Kwa macho ni kachumbari, lakini nilitafuta maji kwa ishara.

Nyota moja nimeikata kwa sababu nilingoja dakika 40 na wali ukaja umepoa.

Mama aliyeniletea sahani aliniambia kabla sijafungua mdomo: "Mbuzi. Ni mbuzi." Halafu akaweka vidole viwili kichwani, pembe, nisije nikawa sijaelewa Kiingereza chake. Sikuwa nimeuliza. Sijui kwa siku anawaonyesha wangapi zile pembe.

Nilimkumbuka kijana wa Kichina aliyekuwa akiuza makava ya simu Kariakoo, jirani na kibanda changu. Mbwa wa mtaa wakipungua tulisema Wachina wameshapita. Mimi nilikuwa fundi wa kubweka: akipita nabweka, wateja wanavunjika mbavu, naye anatabasamu kama hasikii. Na mchana tulikaa benchi moja kwa mama ntilie, yeye na ugali maharage wake, mimi na wangu. Jina lake sikuwahi kuliuliza.

Nendeni mapema, kabla ya saa saba mchana. Pikliz wanauza pia kwa kopo. Nilinunua moja, na Jumatatu nikampa mwenzangu wa zamu bila kumwonya.