Kozi ya sauti ya "nguvu na mamlaka": somo la akida ni dhahabu, la kukemea limenikwaza

Niko timu ya maombezi. Kozi hii nilitumiwa na mwenzangu tuliyekuwa tukibishana kama pepo anatii kelele zetu au anatii jina la Yesu. Nimeisikiliza yote, naipa nyota tatu kati ya tano.

Inaanza na ule mfano wa askari wa barabarani anayesimamisha lori kwa mkono, ambao kila mhubiri anao mfukoni. Haya, umeeleweka: lori lina nguvu, askari ana mamlaka.

Somo la akida wa Kapernaumu, yule ofisa wa jeshi aliyemwomba Yesu amponye mtumishi wake (Mathayo 8), ndilo nililorudia. Mwalimu hakimbilii uponyaji. Anatulia kwenye maneno "mimi ni mtu niliye chini ya mamlaka", kisha anauliza: na wewe je, uko chini ya nani? Akida anaamuru askari kwa sababu naye ana wa kumwamuru. Hapo mwalimu anavuka hadi Matendo 19, kwa wana wa Skewa, Wayahudi waliojaribu kutoa pepo. Jina la Yesu walilitaja, tena kwa ujasiri, wakaishia kutoka mbio uchi na majeraha, maana huyo waliyemtaja hawakuwa wake. Mwenzangu alinyamaza kabisa, na si kawaida yake.

Shida iko somo la kukemea pepo. Sauti inapanda mpaka spika zinakoroma, na tunaambiwa mwenye mamlaka akishatamka, pepo hana hiari. Basi Luka 9 tuisomeje? Mstari wa kwanza Yesu anawapa wale Thenashara, wanafunzi wake kumi na wawili, uwezo na mamlaka juu ya pepo wote. Mstari wa 40, sura ileile, baba anamlilia Yesu kwamba wanafunzi wameshindwa kumtoa pepo wa mwanawe. Marko anatupa na jibu la Yesu: namna hii haitoki ila kwa kuomba. Kozi imeruka tukio zima! Na sisi waombezi ndipo tunapoishi hapo: umekemea, umetangaza, na mtu bado yuko vilevile.

Mamlaka ya viongozi juu ya waumini imeguswa juujuu tu, bila hata kumtaja Paulo aliyesema alipewa mamlaka ya kujenga, si kubomoa (2 Wakorintho 10:8).

Kijitabu cha maswali kinafaa kwa kikundi, hasa kurasa za akida. Somo la kukemea lisikilizeni pamoja, Luka 9 ikiwa wazi mezani, na sauti mmeipunguza.