Umeme wa gereji ya nyuma ya nyumba: uzoefu wangu na fundi anayepima ethi

Gereji yangu iko uani, mita kama 35 kutoka kwenye mein switchi ya nyumba, hapa Dodoma. Ndani kuna kompresa, grenda na mashine ya kuchomelea. Umeme wa mwanzo ulivutwa na fundi wa mtaani kwa waya wa 2.5 (unene wa milimita za mraba) uliopitishwa juu ya ukuta. Kazi zilikwenda, ila ukiigusa kompresa ukiwa pekupeku inakutekenya. Fundi akaitwa, akachomeka testa, akasema hiyo ni kawaida ya mashine za Kichina. Akaondoka na nauli yake.

Ndipo nikamtafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na huyo ndiye ninayetaka kumzungumzia.

Alipofika hakuanza na kompresa. Alifuata waya wa kijani wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, mpaka ulipozama, akafukua. Ulikuwa umekazwa kwenye kipande cha nondo kifupi kuliko mkono, kimezungushiwa mkaa na chumvi. "Kaka, hapa hakuna ethi," akaniambia. "Hapa kuna waya wa kijani tu." Chumvi, alisema, inasaidia kwa muda, kisha mvua inaisomba, na chuma kinabaki kuliwa na kutu.

Akafungua na boksi la breka la gereji. Humo nyutro, waya wa kurudishia umeme, na ethi zilikuwa zimefungwa pamoja kwa kiwaya kifupi. Hili ndilo lililonitoa jasho aliponieleza: nyutro ikikatika popote kati ya nyumba na gereji, umeme unaopita kwenye mashine unakosa njia ya kurudi, unapitia hicho kiwaya na kuingia kwenye bodi la kila kifaa chenye ethi. Taa inazimika, wewe unadhani umeme umekatika, unaishika mashine. Akakitoa kabla ya kugusa kitu kingine.

Nilimuuliza kama breka peke yake haitoshi kunilinda. Akapiga hesabu kwenye kipande cha boksi. Kwetu waya unaotoka nguzoni unaleta laivu na nyutro, ethi unajichimbia mwenyewe. Bila kile kiwaya, ethi yako ikiwa na ukinzani wa omu 40 (zikipungua ndivyo bora), ambayo wala si mbaya, hitilafu ya volti 230 inapitisha ampea kama 6 tu. Breka ya ampea 32 itazitazama hizo ampea 6 mpaka kesho. Kinachokata hapo ni RCD, swichi inayojizima umeme ukivuja, yenye kunusa uvujaji wa miliampea 30.

Kazi yenyewe: kebo ya kuzika ya milimita za mraba 10, ile yenye nyaya za chuma chini ya ganda, laivu, nyutro na ethi zote ndani yake. Mtaro ulizidi nusu mita, na utepe wa njano wa tahadhari ukalazwa juu ya kebo kabla ya kufukia. Unene ule nilidhani ni kunitafutia gharama. Lakini kwa umbali huu, ukivuta ampea 20, waya wa 2.5 unakula volti zaidi ya 12 njiani, wakati wa 10 unakula kama 3. Mashine yangu ya kuchomelea sasa haigugumii.

Kwenye ethi ndipo alipostahili pesa yake. Alipigilia rodi ya shaba ya mita moja na nusu, akatoa kipimo chake, akachomeka vijiti viwili ardhini kwa mstari, akabonyeza. Omu 140. Ilikuwa kiangazi, ardhi imekauka kama tofali. Kwa RCD ya miliampea 30 hizo zingetosha, lakini hakuridhika. Akapigilia rodi ya pili mita tatu pembeni, maana ukizibananisha zinagombania udongo uleule. Baada ya kuziunganisha kipimo kikashuka hadi omu 76. Klampu zikaachwa ndani ya kishimo chenye mfuniko ili zikaguliwe.

Nyumbani, laini ya gereji aliitoa pembeni, mbali na RCD ya nyumba, ikapewa RCD yake ya miliampea 100 inayochelewa kidogo. Ile ya 30 iko gerejini. Grenda ikileta kisirani, inazimika gereji peke yake na mama watoto anaendelea na friji lake. Mwisho akabonyeza kitufe cha T, cha kuijaribu RCD, mbele yangu, RCD ikaruka. Kompresa naishika pekupeku, kimya.

Kasoro zipo. Bei ya ufundi ilikuwa zaidi ya mara mbili ya waliyonitajia wengine, na kebo peke yake ilikula nusu ya bajeti. Kufika kwake ni kwa mtindo wa "niko njiani", ambayo unaweza kuisikia asubuhi ukamwona alasiri. Mtaro waliufukia bila kushindilia, ukabonyea mvua ilipokuja, ikabidi nitafute kijana aongeze kifusi. Na karatasi ya vipimo nilimdai wee ndipo akanipatia.

Nampa nyota nne. Ukimwita fundi yeyote kwa kazi kama hii, muulize kwanza kama ana kipimo cha ethi. Akikuonyesha testa, mpe maji ya kunywa na umuage.