Ludlow na mama: msiishie ngomeni

Mama yangu ana shida ya magoti, kwa hiyo alipotoka Tanga kuja kunitembelea Uingereza nilisita kumpeleka Ludlow. Mji uko kilimani, mkoa wa Shropshire, karibu na mpaka wa Wales. Tulipanda treni Hereford, nusu saa hivi tukashuka. Ilikuwa Jumamosi, soko limejaa hadi mbele ya lango la ngome.

Ngome ilianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 11. Humo ndimo alimofia mwanamfalme Arthur, mrithi wa ufalme wa Uingereza, tarehe 2 Aprili 1502, akiwa na miaka 15 na ndoa ya miezi isiyotimia mitano. Mdogo wake, Henry, ndiye aliyekuja kurithi ufalme na kumwoa yule mjane. Mama akauliza, "Mama yake alikuwa hai?" Alikuwa hai, nikamwambia, naye akafariki mwaka uliofuata. Mama hakusema kitu.

Ngazi za minarani ni nyembamba na zinazunguka, wazee hawaziwezi. Kikanisa cha mviringo kilichomo uani, ingawa hakina paa tena, kinafikika bila kupanda. Barabara ya Broad Street ni nzuri sana, ila mteremko wake hadi lango la Broad Gate, pekee lililosalia kati ya saba za zamani, una kurudi kwake. Nilishuka peke yangu.

Kilichotupendeza kuliko vyote ni kanisa la Mtakatifu Laurence. Kwenye kwaya, yaani sehemu ya waimbaji, kuna viti 28 vya mbao vya karne ya 15. Ukiinua kiti, chini yake kuna kibao kidogo cha kuegemea, maana sala zilikuwa ndefu na watu walisali wamesimama. "Kumbe na wao magoti yaliwauma," mama akasema.

Vibao hivyo vimechongwa. Kimoja kinamwonyesha mwanamke muuza pombe aliyewapunja wateja: shetani kambeba begani kumpeleka motoni, kikombe chake cha kupunjia bado kakishika, na shetani mwingine anasoma orodha ya madhambi yake.

Mama ameuza mafuta ya nazi kwa vipimo sokoni Ngamiani miaka mingi. Aliinama pale kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote siku ile, kisha akaniambia, "Mpige picha huyu mwanamke, mwanangu. Nataka wenzangu wamwone."