Kifyatulio kipya cha bastola ya mashindano: nimekipima kwa chupa ya asali

Mwangaluka wote, karibuni tena. Nipo nyumbani Isevya, hapa Tabora, mvua ndiyo kwanza imekatika, hayo mnayosikia ni matone kwenye bati. Mezani ninayo CZ Shadow 2, ya Ucheki, milimita 9. Mengine mnayajua, siyarudii. Leo ni kifyatulio tu.

Kwanza tazameni: magazini nje, sleidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, nyuma, chemba tupu, naingiza kidole nihakikishe. Risasi hazimo humu chumbani.

Haya, sikilizeni. Nimebana kifyatulio, nyundo imeanguka, sijaachia. Mkono wa pili unavuta sleidi, nyundo inajikoki. Sasa naachia kidole taratibu... taratibu... tik! Subirini nisogeze maiki. Tena. Tik! Jamani! Kidole kimerudi unene wa sarafu mbili tu na bastola imeshajitega kwa risasi ya pili.

Siri ni hii skrubu ndogo. Kile kifyatulio cha zamani kilikuwa kinaendelea kuzama hata baada ya nyundo kuanguka. Safari hiyo haina kazi, inatikisa mkono tu, na kidole kinalazimika kuirudia yote kikija mbele. Skrubu inaikata. Lakini msiikaze mpaka mwisho! Ikizidi, nyundo inakwaruza ikishuka, au haishuki kabisa. Fundi wangu aliikaza mpaka nyundo ikagoma, akairudisha nyuma kidogo, akaitia gundi ya skrubu, kisha akajaribu kufyatua mara nyingi bila risasi. Na ni fundi mwenye leseni. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 si ya kuchezea, na kile kijino kinachoshika nyundo mtu asikiguse kwa tupa. Ukikila kidogo tu, bastola inaweza kufyatuka yenyewe.

Sasa springi. Hapa nina hasira. Duka moja la mtandaoni liliniuzia springi ya nyundo laini mno, likanihakikishia inafaa kwa risasi zote. Siku ya mashindano nabana, nyundo inagonga, kimya. Fataki, kile kiwashio cha kitakoni mwa risasi, ina kijidoa tu, haijawaka. Mara tatu kwenye kituo kimoja! Kwa hiyo ukitaka wepesi, shuka springi hatua moja tu, kajaribu na risasi zilezile utakazoshindania, ndipo uamue.

Uzito sasa. Sheria za IPSC, shirikisho la kimataifa la mashindano haya, kwa daraja la Production, yaani bastola za kawaida za kiwandani, zinataka angalau kilo 2.27 kwa mfyatuo wa kwanza, au 1.36 kwa kila mfyatuo. Mizani ya kifyatulio ni ghali, lakini sisi ni watu wa Tabora, asali tunayo. Lita moja ya asali ina kama kilo 1.4. Hii chupa nimeipima sokoni, 1.42 pamoja na kamba. Mdomo wa mtutu juu, kamba katikati ya kifyatulio, nainua polepole... nyundo imebaki imesimama, haijaanguka! Imepita. Ndugu yangu wa Ujiji uliyeuliza kuhusu bastola ya shabaha ya mita 25, hiyo ni gramu 1000, tumia lita moja ya maji.

Bei? Kifyatulio na skrubu yake laki moja na themanini, usafirishaji na vibali ni juu yako. Kuna wanaosema ningenunua 1911, ile bastola ya Kimarekani, moja kwa moja, kwa sababu kifyatulio chake kinarudi nyuma kimenyooka, hakizunguki kwenye pini kama hiki. Kweli, kile ni kitamu, nimekijaribu. Ila mimi vidole vyangu ni vifupi, na huu uso bapa unaniruhusu kushika chini kidogo, nikavuta kwa nguvu ndogo. Nilianza video hii nikidhani springi ndiyo itakayonifurahisha. Sasa nasema anza na skrubu.

Jumanne ijayo naweka bastola ya upepo, ile ya mita 10, gramu 500. Chupa ya nusu lita nimeshaiosha.